Barua ya wazi kwa wanaosimamia usalama wa taifa: mpwa wangu hakuandikwa popote

Majengo, Mombasa

Kwa Waheshimiwa mliokabidhiwa usalama wa ndani wa nchi yetu. Kwa wakuu wa polisi na wa ujasusi. Na kwa Waheshimiwa wa kamati za Bunge zinazowasimamia.

KUH: WATU WANAOHOJIWA BILA KUANDIKWA

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima inayostahili vyeo vyenu. Mimi ni mkalimani mstaafu wa mahakama. Kwa miaka 31 nilisimama baina ya kizimba na meza ya hakimu, hapa Mombasa na katika miji mingine ya Pwani, nikimpa hakimu kwa Kiingereza yaliyosemwa kwa Kiswahili na Kigiriama, na kumrudishia mwenye kesi kwa lugha yake yaliyoamuliwa juu yake. Nilikula kiapo nisizidishe wala nisipunguze. Nimestaafu kazi, kiapo bado ninacho.

Hii ni barua yangu ya tano. Nne za kwanza nilizipeleka mwenyewe kwa bahasha, na kila moja nilikaa dirishani mpaka nakala yangu ikapigwa muhuri. Mbili hazikujibiwa. Ya tatu ilijibiwa kwa simu na mtu aliyekataa kujitaja, akaniambia kwa upole kwamba mzee wa umri wangu ni bora apumzike. Ya nne ilijibiwa kwa mstari mmoja: maelezo niliyoomba yanahusu usalama wa taifa na hayawezi kutolewa. Nilikuwa nimeuliza mambo matatu tu. Mpwa wangu alishikwa saa ngapi? Aliwekwa wapi? Nani aliyemhoji? Kwa kuwa ofisini nimekwama, nayauliza tena hapa mbele za watu.

Mpwa wangu ni fundi wa simu, ana meza yake Mwembe Tayari. Alhamisi moja mwaka jana, watu wamemaliza kuswali Magharibi, wanaume wanne wasiovaa sare walishuka kwenye gari lisilo na nambari, wakamwuliza habari za simu moja iliyokuwa mezani, kisha wakamtia garini pamoja na ile simu. Kosa halikutajwa. Dada yangu alizunguka vituo vinne usiku ule na kesho yake. Kila alipofika, OB, daftari la matukio la kituo, ilifunguliwa, kidole kikateremka juu ya mistari, jina halipo. Siku ya sita alipigiwa simu akaambiwa kijana wake "anasaidia uchunguzi", asihangaike. Alipouliza anasaidia akiwa wapi, simu ikakatwa. Siku ya kumi, alfajiri, mpwa wangu aliachwa kando ya barabara kuu karibu na Mariakani, macho yamefungwa kwa kitambaa. Dereva wa lori ndiye aliyempa simu akapiga nyumbani.

Aliyofanyiwa siyaandiki yote, mengine ni siri yake na mwili wake. Nitasema tu kwamba vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunjiki tena, na fundi wa simu huishi kwa vidole.

Lakini si vidole vinavyomkosesha usingizi. Mwenye simu ile hakumjua. Ilikuwa imeachwa mezani na mteja wa kupita. Kwa siku tatu alisema hamjui. Siku ya nne alitaja jina. Alitaja jina la kijana aliyesoma naye madrasa, kwa sababu ndilo lililomjia. "Mjomba," aliniambia, "siku ile ningemtaja hata mama." Usiku huo huo kijana yule alichukuliwa kwao, na akarudi baada ya wiki tatu. Mama yake na dada yangu walikuwa wakipelekeana sahani za futari tangu wote wawili ni wari. Sasa wakikutana njiani mmoja huvuka barabara.

Waheshimiwa, malalamiko yangu ni haya.

1. Aliyeumizwa hutaja jina lolote.

Nimefasiri kesi ndani ya kesi nyingi, zile ambapo hakimu husimamisha kesi kuu ili asikie kwanza kama maelezo ya mshtakiwa yalitolewa kwa hiari yake. Nimeshika kurasa sita za Kiingereza kilichonyooka, na chini yake alama ya kidole gumba cha mtu asiyejua Kiingereza hata cha salamu. Nikimsomea kwa Kigiriama, ananitazama kama ninayemsimulia habari za jirani. Sheria yetu ya Ushahidi ilirekebishwa kwa sababu ya mambo haya. Leo kukiri kosa hakupokelewi isipokuwa kumefanyika mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya ofisa wa polisi asiyekuwa yule anayechunguza kesi, naye mshukiwa awe amechagua mtu wa tatu wa kukaa naye. Waliokitunga kifungu hicho walijua ni tundu gani wanaliziba.

Wamarekani waliyapitia haya kwa gharama ambayo dunia nzima ililipa. Mwishoni mwa 2001 alikamatwa mtu aitwaye Ibn al-Shaykh al-Libi, na CIA, idara ya ujasusi ya Marekani, ikampeleka Misri ahojiwe. Huko, chini ya mateso, alisema Iraki ilikuwa imewafundisha watu wa al-Qaeda matumizi ya silaha za kemikali na za kibiolojia. Februari 2003 Colin Powell, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, aliyasimamisha maneno hayo mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Mwezi uliofuata vita vilianza. Mwaka 2004 al-Libi aliyakana, akaeleza kwamba alisema waliyotaka kusikia ili waache kumuumiza. Mpwa wangu alitaja mtoto wa madrasa. Mtu huyu alitaja nchi nzima.

Lakini kuna mfano ulio karibu nasi zaidi, na naomba mwuangalie kwa utulivu. Agosti 7, 1998 mabomu kwenye balozi za Marekani yaliua watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam. Mmoja wa washambuliaji alikamatwa Nairobi siku chache baadaye, akahojiwa na wapelelezi wa FBI waliojua kwamba kila wanaloandika litasomwa mahakamani. Mwaka 2001 yeye na wenzake watatu walihukumiwa New York. Walitiwa hatiani kwa mashtaka yote 302 na kufungwa maisha.

Sasa mtazameni mshtakiwa wa tano wa mabomu hayo hayo. Ahmed Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akafichwa na CIA katika magereza ya siri, kisha 2006 akapelekwa Guantanamo, jela ya jeshi la Marekani huko Kuba. Alipofikishwa New York hatimaye, Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi mkubwa wa serikali, kwa kuwa shahidi huyo alijulikana kupitia mahojiano ya kulazimishwa. Novemba 2010 baraza la mahakama, raia wanaoamua kesi, lilimwona hana hatia katika mashtaka 284 kati ya 285. Shtaka moja lililobaki, la njama, lilitosha kumfunga maisha. Mimi niliyezoea kutamka hukumu kwa sauti mbele ya watu huwafikiria jamaa za waliokufa, wameketi wakisikia "hana hatia" mara 284. Chumba cha siri hakikuwaongezea haki hata chembe. Nusura kiwanyang'anye yote.

2. Maneno laini yanayofunika kitendo.

Kazi yangu ilikuwa maneno, niruhusuni nikae hapa kidogo.

Agosti 2002 wanasheria wa serikali ya Marekani waliandika maoni kwamba maumivu hayahesabiki kuwa mateso mpaka yalingane na yale ya kiungo cha mwili kushindwa kufanya kazi, au ya kifo. Mwezi huo huo mfungwa mmoja, Abu Zubaydah, alimiminiwa maji juu ya kitambaa usoni hadi akose pumzi, mara 83. Walikuwa na jina la kupendeza kwa jambo hilo, na ukilifasiri kwa uaminifu unapata "mahojiano yaliyoimarishwa". Ningepewa nilifasiri kizimbani, ningemwomba hakimu ruhusa ya kueleza kitendo chenyewe, maana mkalimani akitoa neno tupu pasipo kitendo chake amedanganya mahakama.

Sisi nasi tunayo yetu. "Anasaidia uchunguzi." "Yuko mahali salama." Dada yangu aliambiwa la kwanza mtoto wake akiwa amefungwa macho. Naomba msiruhusu maneno haya yatumike kwa mtu yeyote ambaye hayuko huru kuondoka.

3. Siri inayolinda kosa badala ya kulinda nchi.

Hapa ndipo uchungu wangu ulipo, kwa sababu jibu lenu la mstari mmoja limenikumbusha majibu mengine.

Machi 3, 1959, katika kambi ya Hola, hapa hapa Pwani kando ya Mto Tana, wafungwa 11 wa Mau Mau waliuawa kwa kupigwa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Uchunguzi wa maiti ndio uliosema kweli. Waingereza walipokuwa wakiondoka mwaka 1963 walibeba mafaili kwa wingi wakayaficha kwao, katika jengo la serikali huko Hanslope Park. Yalikuja kukiriwa mwaka 2011, wazee wetu walipokuwa tayari mahakamani London na magongo yao. Juni 2013 Uingereza ilieleza majuto na kukubali kuwalipa waathiriwa 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi. Karibu miaka 50 karatasi zilikuwa kabatini. Wangapi walikufa wakiitwa waongo?

Tukapata Uhuru. Chini ya Nyayo House, jengo ambalo Wapwani tumelipandia ngazi kufuata pasipoti, palikuwa na vyumba vya giza vilivyotiwa maji, na katika miaka ya 1980 walifungiwa humo walioshukiwa kuwa wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali. Serikali ilikana mpaka vyumba vilipofunguliwa kwa umma mwaka 2003, na mwaka 2010 Mahakama Kuu ikaamuru watu 21 walipwe fidia.

Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwandishi wa mitandaoni, alikamatwa Homa Bay kwa ajili ya alichodaiwa kuchapisha, akasafirishwa hadi Nairobi, na akafa mikononi mwa polisi. Tuliambiwa alijigonga kichwa ukutani. Wapasuaji wa maiti walipata majeraha ya kupigwa na dalili za kukabwa shingo, na Inspekta Jenerali akaomba radhi mbele ya Seneti kwa taarifa ile ya kwanza. Walikunywa maji. Alijigonga ukutani. Baina ya sentensi hizi mbili ipo miaka 66, bendera mbili na katiba kadhaa, nami nikizisoma naona zimeandikwa kwa mkono mmoja.

Na Mombasa ina yake. Mwanzoni mwa 2007 watu waliokimbia vita Somalia walikamatwa Kenya, wakapakiwa kwenye ndege na kurudishwa Somalia, na wengine kupelekwa Ethiopia, pasipo kesi. Februari mwaka huo Mkenya mmoja alikamatwa katika mji wetu huu, na mwezi uliofuata alikuwa Guantanamo. Alirejeshwa nyumbani Desemba 2024. Kwa miaka 17 hakusomewa shtaka hata moja. Ikiwa yalikuwapo maelezo ya kumtia hatiani, miaka hiyo ilitosha kuyapeleka mahakamani.

Kabla yake alikuwapo Mswahili mwenzetu, Suleiman Abdullah Salim, Mtanzania aliyeteseka kutokana na mpango huo huo wa CIA. Alikamatwa Mogadishu mwaka 2003, akapitishwa Kenya, akafikishwa Afghanistan kwenye jela ya giza totoro na muziki usiokoma. Waliomwachilia mwaka 2008 walimpa karatasi iliyosema hana hatari yoyote. Mwaka 2015 aliwashtaki wanasaikolojia wawili waliobuni mbinu zile, na 2017 wakakubaliana naye nje ya mahakama. Karatasi ile haikumrudishia mwili wake, lakini alikuwa na kitu cha kumwekea wakili mezani. Mpwa wangu hana hata hicho. Daktari alitaka fomu ya P3, ile ya kuandikia majeraha kwa ajili ya kesi, na P3 hutoka kituo cha polisi. Kule dada yangu akaulizwa nambari ya OB ya tukio. Tukio lenyewe halikuandikwa, basi nambari angeitoa wapi?

4. Sheria ipo, haitumiki.

Hapa sina haja ya maneno mengi, nyinyi mnaijua kuliko mimi. Kifungu cha 25 cha Katiba kinasema uhuru wa mtu kutoteswa hauwezi kuwekewa mipaka. Kifungu cha 49 kinataka aliyekamatwa aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au, saa hizo zikiisha nje ya saa za mahakama, kabla ya mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Kifungu cha 238 kinauweka usalama wa taifa wenyewe chini ya Katiba na Bunge. Sheria ya Kuzuia Mateso ya mwaka 2017 inampa anayetesa kifungo cha hadi miaka 25, na cha maisha iwapo mtu amekufa, wala haikubali utetezi wa "niliamriwa na mkubwa". Mnapohitaji siku zaidi za kumshikilia mshukiwa wa ugaidi, sheria imewapa mlango: nendeni mahakamani mkaombe. Siku zote tisa mlango ule ulikuwa wazi.

5. Watu wanafunga midomo.

Hili linawahusu nyinyi zaidi kuliko linavyotuhusu sisi. Habari za mtu mbaya huanzia barazani. Ni mpangaji asiyesalimia, ni chumba kisichofunguliwa dirisha, ni kijana aliyeacha mpira ghafla. Anayeyaona kwanza ni jirani, na jirani huinua simu akiamini kwamba atakayechukuliwa ataulizwa kwa haki. Tangu mambo ya mpwa wangu yajulikane mtaani, nimesikia kwa masikio yangu baba mmoja akisema akimwona mgeni wa ajabu hatamtaja, kwa kuwa hataki kubeba dhima ya vidole vya mtoto wa mtu. Baba huyo hana mapenzi na magaidi. Anaogopa kuwa sababu.

Najua mtakavyojibu, kwa hivyo nitangulie.

Mtasema tishio ni la kweli. Ni la kweli. Novemba 28, 2002 nilikuwa kazini taarifa ya Kikambala ilipofika, hoteli imelipuliwa, Wakenya wenzetu waliokuwa kazini na wacheza ngoma waliokuja kuwapokea wageni wamekufa, na makombora yamerushwa kuelekea ndege iliyokuwa ikipaa kutoka uwanja wetu wa Moi. Nimeomboleza Westgate, Mpeketoni na Garissa, ambako wanafunzi walichinjwa kama kuku mwaka 2015. Kwa sababu tishio ni la kweli ndiyo nataka waliolitenda wafungwe kwa ushahidi usiopanguka, na walio huru kutenda mengine wasipate nafasi wakati nyinyi mnamhoji fundi wa simu.

Mtasema pasipo ukali hakuna anayesema. Nitawajibu kwa niliyoyaona. Palikuwa na inspekta mmoja, sasa ni marehemu, ambaye alikuwa akiniita nimfasirie mahojiano na wazee wa bara ya Kilifi. Kwanza aliagiza chai. Kisha aliuliza ukoo, mvua, mnazi unatembea vipi mwaka huu. Nilikuwa nikitazama saa, nikidhani anapoteza wakati. Baada ya muda mzee angeanza kusema mwenyewe, na inspekta angeandika polepole, akimsomea kila ukurasa. Katika kesi zake nilizofasiri sikumbuki maelezo hata mamoja yaliyotupwa nje. Miaka mingi baadaye, mwaka 2009, ofisa wa FBI Ali Soufan alieleza mbele ya Seneti ya Marekani jinsi alivyoanza na Abu Zubaydah, kabla ya yale maji. Walimuuguza majeraha, wakazungumza naye, na Soufan akamwita Hani, jina la utotoni ambalo mamake alikuwa akimwita. Ndipo alipofichua kwamba Khalid Sheikh Mohammed ndiye aliyepanga mashambulizi ya Septemba 11. Nilimjua inspekta wangu katika maneno hayo.

Mtasema mkifichua mbinu zenu adui atanufaika. Sijaomba mbinu. Msinipe majina ya watoa habari, wala mnavyofuatilia simu, wala mtu mnayemtazama usiku huu. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inawaruhusu kuzuia ya usalama, nami naiheshimu. Saa ya kukamatwa kwa mtu ambaye tayari mmemwachilia haimfundishi gaidi lolote.

Na pengine mtasema hata Wamarekani walifanya. Walifanya, kisha Desemba 2014 kamati ya Seneti yao ikachapisha muhtasari wa zaidi ya kurasa 500 kuhusu jambo hilo. Watu 119 walishikiliwa, na angalau 26 kati yao hawakustahili kushikiliwa hata kwa vigezo vya CIA wenyewe. Yalisomwa pia kwamba mwaka 2005 CIA iliharibu kanda 92 za video za mahojiano. Wakuu wa zamani wa CIA waliipinga ripoti, na Dick Cheney, aliyekuwa Makamu wa Rais, akashikilia kwamba mbinu zile ziliokoa maisha. Seneta John McCain, aliyewahi kuteswa mwenyewe akiwa mfungwa wa vita Vietnam, alisimama bungeni kutetea ichapishwe. Wanabishana hadi leo. Lakini wanabishana juu ya karatasi iliyo mezani, yenye hesabu na tarehe. Sisi tungebishana juu ya nini, ikiwa hata OB haina jina?

Naomba haya, Waheshimiwa.

Kwanza, nijibiwe maswali yangu matatu. Sheria hiyo ya 2016 inatoa siku 21, na saa 48 pale habari inapohusu uhai au uhuru wa mtu. Nakala zangu zilizopigwa muhuri zimepita muda huo mara nyingi.

Pili, kila anayekamatwa, na kitengo chochote kile, aandikwe OB ya kituo kilicho karibu saa ile ile, na jamaa wakiuliza wajibiwe. Asiwepo mtu Kenya anayehojiwa pasipo mahali panapojulikana.

Tatu, mahojiano ya mashauri ya ugaidi yarekodiwe kwa picha na sauti tangu mwanzo hadi mwisho, na rekodi itunzwe na mahakama, isikae mikononi mwa waliohoji. Mshukiwa apewe mkalimani aliyeapishwa. Tupo wengi tuliostaafu, na kazi hiyo mimi nitaifanya bila malipo.

Nne, anayelalamika kwamba ameumizwa na polisi aipate P3 hospitalini moja kwa moja, asirudishwe kwa wale wale waliomuumiza.

Tano, na hili ni la kamati za Bunge: kila mwaka tusomewe hesabu. Wangapi walikamatwa kwa mashaka ya ugaidi, wangapi walishtakiwa, wangapi waliachiliwa, wangapi walifia kizuizini. Nambari tupu, bila jina la mtu. Na mkiambiwa hesabu hizo hazipo, muulize mbele yetu kwa nini hazipo.

Jina langu kamili, simu yangu na anwani yangu vimo katika barua zote nne mlizonazo, na sijajificha.

Mpwa wangu anataka kwenda kumwomba radhi mama wa yule kijana, na amenisihi nifuatane naye. Nimemwambia angoje kidogo. Natamani tutakapoketi kwa mama yule niwe na karatasi mkononi, yenye saa, mahali na majina ya waliomuuliza, nimsomee kwa sauti kama nilivyokuwa nikisoma mahakamani, ajue ni kina nani waliofika mlangoni kwake usiku ule na kwa nini.

Nasubiri jibu lenu.

Wenu kwa heshima,

Mkalimani mstaafu wa mahakama
Majengo, Mombasa